Watunzi tusioimba tunatoboaje? Yaliyojiri kijiweni kwetu Mwananyamala

#1 Kalamu ya Mabibo (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni mtunzi, siimbi. Siimbi kabisa, hata bafuni najionea aibu. Natunga maneno na melodi, nanong'ona kwenye simu, namtumia mwenye sauti yake. Nyuzi za "nifanyeje nitoboe kimuziki" zimejaa humu, ila zote zinamhusu anayesimama mbele ya maiki. Mwenye daftari hana uzi, kwa hiyo leo nauleta.

Mwaka 2019 niliuza wimbo kwenye studio moja Sinza kwa elfu themanini. Beti mbili na kiitikio, vyote vyangu. Dogo aliyenunua alinipa elfu hamsini mkononi, thelathini akatuma jioni kwa simu, akakata na ya kutolea. Hatukuandikiana chochote. Miezi mitano baadaye nimekaa kiti cha nyuma kwenye daladala ya Gongo la Mboto, wimbo ukapigwa. Konda anaufuatisha neno kwa neno, mpaka pale nilipoweka kituo kwa makusudi na yeye akatulia. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Kaka, huo wimbo nimeutunga mimi." Akanitazama, akagonganisha sarafu mkononi: "Sawa, nauli."

Sikumchukia dogo, na wala sitamtaja. Tulikuwa wajinga wawili, tofauti ni kwamba ujinga wake yeye ulimlipa.

Mwaka 2021 tukaanza kukutana wanne, sasa tumefika kumi na mmoja. Ni kila Jumapili saa kumi jioni, Mwananyamala, nyuma ya banda la fundi cherehani ambaye naye anatunga kaswida. Mchango ni elfu mbili, ya chai na vocha ya atakayetumwa kufuatilia jambo. Hatuna cheti wala mwenyekiti, tuna kaunta buku moja na masharti matatu.

Sharti la kwanza, hakuna kuleta tungo ikiwa na biti. Unasoma maneno makavu. Biti inaficha mengi, kama pilipili kwenye mchuzi uliochacha. La pili, simu inalala katikati ya meza ikirekodi, na kabla ya kusoma unataja jina lako na tarehe. La tatu ndilo limetugombanisha na watu wengi mjini: hakuna anayetoka na wimbo wa kijiweni kwenda studio bila karatasi inayosema nani kafanya nini na nani anapata asilimia ngapi.

Nauliza wadau: kuna mtunzi asiyeimba humu anayeishi kwa kalamu hapa Dar? Mlipitia wapi?

#2 Mbishi wa Tandale

Mkuu hapo kwenye karatasi ndipo mnapokosea. Huku kwetu singeli inatungwa saa nne asubuhi, saa kumi iko kwenye flashi, usiku inapigwa kigodoroni. Ukitoa karatasi mwenzio anaenda kwa mtunzi mwingine asiye na makaratasi, na wako kila kona. Tafuta jina kwanza, karatasi zitakufuata.

#3 Kalamu ya Mabibo

@Mbishi hilo "tafuta jina kwanza" ndilo nililoambiwa 2019. Mwimbaji anatafuta jina kwa sauti, watu wanaisikia. Mimi nisipoandikwa mahali, jina litatoka wapi? Naweza kutunga nyimbo mia na konda bado akaniambia nauli.

Ila kwenye singeli nakubali kwamba kasi ni nyingine. Kijana wetu mmoja anatungia singeli, na karatasi yake ni ujumbe wa WhatsApp: "Maneno nimeandika mimi, nusu kwa nusu, jibu NDIYO." Akishajibiwa ndipo anatuma sauti. Ni sekunde kumi tu.

#4 Fundi wa Biti Kijitonyama

Naomba niwachokoze watu wa daftari. Nyie mnaongea kana kwamba wimbo ni maneno tu, biti inaota yenyewe kama uyoga. Mimi nakesha natafuta kinanda kinachoendana na huzuni ya mtu, natengeneza besi, mara nyingi hata melodi ya kiitikio imetoka kwenye kinanda changu. Mtunzi anakuja na beti zake anasema "wimbo wangu". Prodyuza naye ni mtunzi. Hiyo karatasi yenu inanitambua?

#5 Kalamu ya Mabibo

Fundi umenishika pabaya. Mwanzo karatasi yetu haikuwa na nafasi ya prodyuza, na ni kweli ilikuwa dhuluma, ile ile tunayoilalamikia. Sasa ina mistari mitatu: maneno, melodi, muziki. Kama biti ilikuwepo kabla na melodi imezaliwa humo, fundi ana fungu lake la utunzi. Kama kalipwa kurekodi tu wimbo uliokuja umekamilika, hayo ni malipo ya kazi ya studio.

Kesi ngumu zaidi hutoka kwa waimbaji. Kuna mmoja alibadilisha "mpenzi" ikawa "bebi", akataka nusu.

#6 Fundi wa Biti Kijitonyama

Hahaha, "bebi" amekuja na asilimia hamsini zake. Basi tuko pamoja mkuu. Ila na mwimbaji anayegeuza melodi yote ndani ya kibanda cha kurekodia, huyo mpeni chake. Nimewaona wakiingia na wimbo mbovu wakatoka na wimbo mwingine.

#7 Mjukuu wa Dansi

Nimecheka hapo kwa konda, kisha nikasikitika. Nimekulia nyumba ya dansi, mzee wangu alikuwa mpiga tumba. Enzi hizo bendi nyingi zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mtu akileta tungo, bendi nzima inaipika, huyu anaweka gitaa la solo, wale wanapanga matarumbeta. Hata hivyo watu walijua wimbo huu katunga fulani. Mzee mpaka leo ukimpigia wimbo wa bendi ya Sikinde anakutajia mtunzi kabla ya mwimbaji. Sijui hiyo tabia tuliiacha kituo gani.

#8 Bi Mkubwa wa Kijiweni

Assalaam aleikum wanangu. Mimi ndiye bibi wao huko Mwananyamala, mjukuu kanifungulia humu niandike.

Mimi nimetoka Unguja, nimetungia vikundi vya taarabu tangu nikiwa mwari. Sisi jambo hili halikuwa na fumbo. Mwenye shairi ni mwenye shairi, anayelitia sauti ni mwengine, muimbaji mwengine. Hakuna aliyeona ajabu mtu kuwa mtunzi na sauti yake ikawa kama mlango mkavu. Hawa vijana wa leo wanaona haya kusema "sikuuandika mimi". Haya ya nini? Mvaa nguo hajidai kwamba ndiye aliyeishona.

Na wewe Kalamu waeleze habari ya stendi, usiwafiche.

#9 Kalamu ya Mabibo

Sawa bibi, naeleza.

Dogo mmoja, mgeni kijiweni, alikuja na kiitikio alichokuwa na uhakika nacho mno. Akasoma:

*Umeniacha stendi, na mvua inaninyeshea*

Sisi wote tukaguna "mmh, kali". Bi Mkubwa kimya, anahesabu silabi kwa vidole juu ya paja. Akamwambia asome tena. Akahesabu tena. "Baba, upande huu saba, upande huu tisa. Muimbaji atafika hapo kwenye 'inaninyeshea' pumzi imekwisha. Wewe huoni kwa sababu unasoma haraka."

Dogo akasema, bibi siku hizi hatuhesabu mizani, tunafuata fleva. Bibi hakubisha, akamwambia aimbe. Akaimba. Kweli, alipofika mwisho ikabidi ameze silabi mbili, ikasikika kama "inanyesha" tu, na anayenyeshewa hayupo tena.

Tukakaa na mstari huo karibu saa nzima. Fundi cherehani akasema mvua kunyesha ni habari ya hali ya hewa, haimuumizi mtu. Mwingine akaleta "inanipiga". Dogo mwenyewe ndiye aliyesema "inanichapa", na hapo Bi Mkubwa akapiga meza mpaka simu ikaruka. "Stendi" ikaongezwa mkia:

*Umeniacha stendini, na mvua inanichapa*

Nane kwa nane. Na mvua sasa ina fimbo.

Kwenye kaunta buku tukaandika: maneno, dogo asilimia 70, Bi Mkubwa 20, fundi cherehani 10. Bibi alikataa, akasema yeye kahesabu tu vidole. Tukamlazimisha akasaini.

#10 Mbishi wa Tandale

Swali la kizushi: kwenye "stendini" ile S ya mwanzo haihesabiwi peke yake? S-te-ndi-ni.

#11 Bi Mkubwa wa Kijiweni

Iimbe uone kama itasimama peke yake. Ikisimama nitaihesabu.

#12 Mhasibu wa Nyimbo

Uzi mzuri. Naongeza upande wa fedha, kwa sababu naona watu wanachanganya mafaili mawili. Nafanya kazi ya kusambaza nyimbo mtandaoni, kwa hiyo hili nalishika kila siku.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studio, na kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Ukipakia wimbo kupitia msambazaji uende Boomplay, Spotify na kwingine, rekodi inapewa namba ya ISRC, tarakimu na herufi 12. Hela anayokutumia msambazaji ni ya rekodi, na inaenda kwa aliyefungua akaunti. Mtunzi hata jina lako likiandikwa hapo kwa rangi ya dhahabu, hela hiyo haikufuati yenyewe. Labda mwenye akaunti akugawie, na wasambazaji wengine wana sehemu ya kuweka mgawanyo moja kwa moja.

Utunzi una njia yake. Mtunzi anajiunga na shirika la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi yake inapotumika, anapata namba yake ya utambulisho iitwayo IPI, na wimbo kama utunzi unapata namba ya ISWC, inaanza na herufi T. Wimbo ukipigwa redioni, hotelini, baa au ukumbini, mrabaha wa mtunzi unatakiwa upite huko. Sasa kama wimbo haujaorodheshwa na jina lako, hata pesa ikikusanywa itajuaje mlango wako?

Hapa nyumbani sheria mama ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, iliyozaa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zamani COSOTA ilisajili na ilikusanya. Mabadiliko ya 2022 yakafungua mlango wa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha, wenyewe wanaziita CMO, na COSOTA ikabaki na usajili na usimamizi. Kwa hiyo kuwa na usajili wa COSOTA ni jambo moja na kuwa mwanachama wa CMO ni jambo la pili. Watu wengi wana la kwanza, wanashangaa la pili haliwalipi.

#13 Binti Mbagala

Mkuu #12 asante sana. Mimi wimbo wangu sijausajili popote. Ina maana hauna ulinzi?

#14 Mhasibu wa Nyimbo

Hapana dada. Haki inazaliwa pale kazi inapoundwa. Usajili ni ushahidi, mkigombana ndipo unajua thamani yake. Ile simu yao ya mezani inayorekodi tarehe ni ushahidi pia, usiidharau.

Kinacholindwa ni maneno na melodi yenyewe. Aidia hailindwi. Usije ukasema "nilitunga wimbo wa kuachwa na yeye katunga wa kuachwa". Dar nzima imeachwa.

#15 Mjukuu wa Dansi

Niulize hapohapo. Vijana wanachukua vipande vya nyimbo za zamani wanaweka kwenye biti, wakidhani mwenye wimbo akishafariki basi ni mali ya wote. Ipoje?

#16 Mhasibu wa Nyimbo

Ulinzi wa mtunzi ni uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufariki. Chukua mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa. Hesabu mwenyewe, tungo zake ziko kwenye ulinzi mpaka 2029. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay kurekodi 1928, alifariki 1950, kwake miaka hiyo imeshapita. Ila rekodi ina haki zake peke yake, usikurupuke ukachukua sauti.

Na kwa Bi Mkubwa: hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA. Kazi zake za Unguja aangalie ziliandikishwa upande gani.

#17 Bi Mkubwa wa Kijiweni

Zimeandikishwa kwenye kichwa changu na kanga moja niliyofungia madaftari. Nitamtuma mtu.

#18 Aliyeumwa na Nyoka

Wakuu naomba niwatahadharishe wadogo. Mwaka juzi nilipigiwa simu, "lebo" imesikia demo yangu, njoo hotelini Kinondoni. Nikafika, watu wana suti, kompyuta mpakato tatu mezani, na mkataba una nembo. Wakaniambia nimechaguliwa kati ya watu wengi, ila kuna laki tatu ya "kufungua faili". Niliuza friji la mama. Wiki iliyofuata namba hazipatikani, hotelini wanasema ukumbi ulikodiwa saa mbili tu.

Lebo ya kweli ikikutaka, yenyewe ndiyo inaweka hela. Sina zaidi.

#19 Kalamu ya Mabibo

Pole sana ndugu yangu. Mama kaambiwa?

#20 Aliyeumwa na Nyoka

Anajua friji liko kwa fundi.

#21 Mama wa Send-off

Jamani mbona mnalia wakati hela ipo? Mnang'ang'ania redio tu. Mimi ni mtunzi, nina watoto wawili shule, sijawahi kupigwa redioni na sijui mlango wa lebo ukoje. Natungia sherehe.

Anakuja mama wa bibi harusi, nakaa naye kama nusu saa nauliza: binti aliitwaje utotoni, nani alimlea, kuna marehemu wa kutajwa, bwana harusi kabila gani, kuna jambo lisiguswe? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Niliwahi kumtaja shangazi kwa sifa zote, kumbe ana kesi ya kiwanja na familia nzima. Ukumbi uliganda, mshereheshaji akaita keki kabla ya wakati.

Natoza laki na nusu maneno na melodi, studio juu yao. Msimu ukichanganya napata nne kwa mwezi. Mwezi wa Ramadhani na Kwaresma kunapoa, natungia kwaya na kaswida. Na matangazo ya biashara: duka la vifaa vya ujenzi Buguruni lilinilipa kwa sekunde thelathini kuliko msanii alivyowahi kunilipa kwa dakika nne. Ila tangazo andikiana nao litumike muda gani, mwaka mmoja au milele. Milele ina bei yake.

#22 Mbishi wa Tandale

Mama umenyamazisha uzi. Namba inbox tafadhali.

#23 Kalamu ya Mabibo

Kweli nimenyamaza. Nimeuliza "tunatoboaje" huku kichwani nikiwa na picha moja tu ya kutoboa. Jumapili nawasomea hii post kijiweni. Dada karibu Mwananyamala siku moja, chai juu yetu.

#24 Mkongwe wa Kinondoni

Nichangie kidogo. Nilikuwa naingia THT, ile nyumba ya kulea vipaji (Tanzania House of Talent), pale Kinondoni enzi za marehemu Ruge Mutahaba, aliyetutoka Februari 2019. Wengi wanawakumbuka waliotoka pale kwa sauti, kina Barnaba, Mwasiti, Linah. Mimi nakumbuka jinsi watu walivyokaa chumba kimoja mmoja akimtungia mwenzake. Ulikuwa unamuona mwimbaji kila siku, unajua pumzi yake inaishia wapi, herufi gani inamsumbua, basi unamkatia nguo ya saizi yake. Leo mtunzi anatuma sauti WhatsApp kwa mtu asiyewahi kumuona. Kijiwe chenu kina kitu hicho. Tatizo naona nyote kumi na mmoja ni watunzi. Waimbaji wenu wako wapi?

#25 Kalamu ya Mabibo

Mkongwe, swali lako limenikosesha usingizi. Hatuna mwimbaji hata mmoja. Tulijitenga kwa hasira, tukaona waimbaji ni maadui.

#26 Binti Mbagala

Mimi naimba. Sijui kutunga. Naweza kuja?

#27 Kalamu ya Mabibo

Jumapili saa kumi. Ukifika Mwananyamala uliza banda la fundi cherehani mwenye redio mbovu. Njoo na maji ya kunywa, ya kwetu huisha mapema.

#28 Kalamu ya Mabibo (mrejesho, wiki saba baadaye)

Wakuu mliosema nyuzi za Bongo hazina mrejesho, huu hapa.

Binti Mbagala alikuja, na sasa haachi. Siku ya kwanza alipewa "Stendini" aisome tu, asiimbe. Akasoma. Kisha akaimba bila kuambiwa, na fundi cherehani akasimamisha cherehani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia yeyote, hata Bi Mkubwa. Tulipomaliza bibi akamwambia "wewe pumzi yako inafika kumi na mbili, tukuandikie marefu". Kumbe mizani inategemea na kifua.

Fundi wa Biti wa #4 alisoma uzi, akatupa studio Kijitonyama usiku mmoja, bure, kwa karatasi: muziki asilimia 40 yake, maneno na melodi 60 tumegawana kijiweni. Tuligombana kama saa moja juu ya hizo 40. Nusu saa ya mwisho tulikuwa tunabishana kwa sababu ya njaa tu, chipsi zilipofika tukasaini. Dogo mwenye wimbo alisaini kwa herufi kubwa kama anajaza fomu ya shule.

Nimesajili kazi tano COSOTA kwa jina langu. Ule wa 2019 sijausajili. Nilimpigia yule dogo aliyeununua, miaka yote hii sikuwahi. Alishtuka, akadhani nataka kesi. Nikamwambia nataka jina tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka mbona hukusema siku zote?" Sikuwa na jibu. Ameahidi kuongeza mtunzi kwenye maelezo ya video.

#29 Mbishi wa Tandale

Hongera sana mkuu. Nasubiri kuona. Ahadi za wasanii nazijua.

#30 Kalamu ya Mabibo

Ameongeza! Nimeamka leo nimekuta "Mtunzi:" pale chini kabisa, baada ya namba ya meneja na tangazo la viatu.

#31 Mama wa Send-off

Weka link tuone jamani!

#32 Kalamu ya Mabibo

Subirini kwanza. Ameandika jina la baba yangu peke yake, tena kakosea herufi moja. Nimempigia, amesema anarekebisha kesho.